Dola Karimu na Uchumi wa Nchi: Ushahidi wa Uswidi

Mjadala kuhusu dola ya ustawi, yaani dola inayojitwika kisheria jukumu la kumhakikishia kila raia matibabu, elimu, kipato cha uzeeni na msaada anapougua au kukosa kazi, kwa kawaida huendeshwa kana kwamba swali ni moja tu: je, dola itoe kingi au kidogo? Wanaoipinga husema kwamba kila fedha inayogawiwa imetolewa kwanza mfukoni mwa mzalishaji, na wanaoitetea hujibu kwamba mtu mgonjwa, asiyesoma na mwenye hofu ya kesho hawezi kuzalisha chochote cha maana. Pande zote mbili zina ushahidi, na ndiyo sababu mabishano hayaishi. Makala haya yanadai kwamba kipimo chenyewe kimekosewa: ukubwa wa matumizi ya kijamii peke yake hautabiri hatima ya uchumi, bali kinachoamua ni iwapo mafao yamepangwa kwa namna inayoongeza idadi ya watu wanaofanya kazi na kuchangia, au kwa namna inayoipunguza. Nchi inayofaa kuchunguzwa kwa ajili hiyo ni Uswidi, kwa kuwa imezipitia hali zote mbili ndani ya umri wa mtu mmoja, na kwa kuwa kila upande wa mjadala huitaja kama shahidi wake.

Hoja ya wapinzani haistahili kudharauliwa. Mtu anapojua kwamba sehemu kubwa ya kipato cha ziada atakachokipata itachukuliwa na kodi, na kwamba wakati huohuo baadhi ya mafao anayopokea yatakatwa kwa sababu kipato chake kimepanda, hupungukiwa na sababu ya kufanya kazi zaidi, kujiendeleza kimasomo au kuanzisha biashara. Arthur Okun, mwanauchumi aliyewahi kuwa mshauri mkuu wa uchumi wa Rais Lyndon Johnson wa Marekani, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwa mfano wa ndoo inayovuja: fedha zinazochotwa kwa matajiri ili wapelekewe maskini hupungua njiani, kwa gharama za utawala na kwa jitihada zinazofifia pande zote mbili, za anayetoa na za anayepokea. Okun mwenyewe hakuwa adui wa ugawaji wa mapato. Alichotaka ni jamii iamue kwa uwazi ni kiasi gani cha upotevu inachoweza kukivumilia kwa ajili ya usawa. Wengi wanaomnukuu wameikumbuka ndoo na kuisahau nia hiyo.

Upande wa utetezi nao una hoja ya kiuchumi, ingawa watetezi wenyewe mara nyingi huishia kwenye huruma na kuiacha hoja yao iliyo bora. Masoko ya bima yana kasoro ambayo Kenneth Arrow aliichambua mwaka 1963 alipoandika kuhusu huduma za afya: muuzaji na mnunuzi hawana taarifa sawa. Kampuni ya bima haijui kwa hakika nani ana ugonjwa uliojificha, hivyo wenye wasiwasi na afya zao ndio wanaokimbilia kununua, bei hupanda kwa sababu yao, wenye afya njema hujitoa, na soko hubaki dogo au hufa kabisa. Bima ya ukosefu wa ajira ina ugumu mkubwa zaidi, kwa kuwa mdororo wa uchumi huwaangusha wateja wengi kwa pamoja na kampuni inayowalipa huanguka nao. Dola inayomlazimisha kila mtu kuchangia hulitatua tatizo hilo, kwa sababu wenye afya na wenye kazi hawawezi kujitoa. Nicholas Barr wa London School of Economics ameongeza hoja kwamba sehemu kubwa ya kazi ya dola ya ustawi haihusu kuhamisha mali kutoka kwa matajiri kwenda kwa maskini. Ni mtu yuleyule anayehamisha kipato chake kutoka miaka yake ya nguvu kwenda miaka yake ya ugonjwa na uzee. Marekani, ambako bima binafsi imeachiwa nafasi kubwa, hutumia takribani asilimia 17 ya Pato la Taifa kwa afya, ilhali Uswidi hutumia takribani asilimia 11, na bado Mswidi huishi kwa wastani miaka kadhaa zaidi ya Mmarekani. Katika sekta hii dola karimu imeokoa fedha, na wanaoilaumu kwa ubadhirifu wana kazi ya kulieleza jambo hilo.

Uswidi ya mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa nchi ya kutamaniwa. Kati ya katikati ya karne ya 19 na mwaka 1930 zaidi ya Waswidi milioni moja, katika nchi iliyokuwa na watu takribani milioni tano mwaka 1900, walihamia Amerika Kaskazini kwa sababu ya njaa, uhaba wa ardhi na ujira mdogo. Hata hivyo nchi ilikuwa tayari imeanza kubadilika. Sheria ya mwaka 1842 ilikuwa imezilazimisha parokia kuwa na shule, vizuizi vya biashara vilikuwa vimeondolewa, na viwanda vilivyozaliwa kutokana na uvumbuzi, kama vile Ericsson ya mwaka 1876, ASEA ya mwaka 1883 na SKF ya mwaka 1907, vilikuwa vikiuza bidhaa zake nje. Kati ya mwaka 1870 na 1970 Uswidi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokua kwa kasi zaidi duniani.

Mpangilio huu wa miaka ndio silaha inayopendwa na wakosoaji, nao husema kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba utajiri ulitangulia ukarimu mkubwa: mwaka 1960 kodi zote za Uswidi zilikuwa bado chini ya asilimia 30 ya Pato la Taifa, kiwango kilichokaribiana na cha Marekani, na ni katika miongo mitatu iliyofuata ndipo zilipopanda hadi karibu asilimia 50. Nusu inayoachwa ni kwamba msingi uliwekwa wakati nchi ingali maskini. Mwaka 1913 bunge lilipitisha bima ya uzee iliyohusu takriban wananchi wote, wakiwemo wakulima wadogo na vibarua, jambo ambalo halikuwa limefanywa na nchi yoyote. Sheria za Bismarck nchini Ujerumani katika miaka ya 1880, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanzo wa hifadhi ya jamii ya kisasa, zilikuwa za wafanyakazi wa kuajiriwa. Mafao ya 1913 yalikuwa kiduchu, lakini kanuni ya kumjumuisha kila mtu ilikwisha kuingia katika sheria, na kila kilichojengwa baadaye kilijengwa juu yake. Per Albin Hansson aliyelihutubia bunge mwaka 1928 akiielezea nchi kama nyumba ya watu wote, kisha akawa waziri mkuu kuanzia mwaka 1932, alirithi kanuni hiyo; hakuibuni. Posho ya watoto iliyoanza mwaka 1948 ililipwa kwa kila mtoto, wa tajiri na wa maskini, kwa mantiki hiyohiyo.

Kilichoitofautisha Uswidi na nchi nyingine zilizogawa mafao ni namna ilivyoyafunga mafao hayo kwenye mageuzi ya viwanda. Mwaka 1938, katika mji wa Saltsjöbaden, shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri walitia saini mapatano yaliyoweka utaratibu wa kujadiliana mishahara na kumaliza migogoro bila serikali kuingilia. Juu ya mapatano hayo, wachumi wawili wa vyama vya wafanyakazi, Gösta Rehn na Rudolf Meidner, walijenga mwaka 1951 mpango ambao hadi leo unastahili kusomwa na yeyote anayedhani kwamba ustawi ni jina jingine la sadaka. Walipendekeza kwamba kazi zinazofanana zilipwe mshahara mmoja nchi nzima, bila kujali kama kiwanda husika kinapata faida kubwa au ndogo. Matokeo yake yalikuwa makali na yalikusudiwa: kiwanda dhaifu kisichoweza kumudu mshahara huo kilifungwa, na kiwanda imara, kwa kuwa hakikulazimika kulipa zaidi ya kiwango cha kitaifa, kilibaki na faida ya kujipanulia. Wafanyakazi waliopoteza kazi hawakuachwa. Dola iliwapa mafunzo mapya, iliwagharamia kuhamia mikoa yenye ajira na kuwalipa wakati wa mpito.

Hapa ndipo hoja ya ndoo inapokwama. Fedha zilizolipwa kwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kilichofungwa hazikuwa hasara njiani, kwa sababu zilinunua ridhaa yake ya kuacha kazi iliyopitwa na wakati. Katika nchi ambako kupoteza kazi ni kupoteza matibabu, nyumba na heshima, wafanyakazi hupigania kila kiwanda kibaki wazi hata kama kinakula mtaji, na wanasiasa huwasikiliza. Gharama ya kuvilinda viwanda mfu kwa ruzuku na ushuru wa forodha haionekani katika hesabu za ustawi wa jamii, lakini hulipwa na uchumi mzima. Dani Rodrik alionesha mwaka 1998 kwamba nchi zilizofungua milango yake zaidi kwa biashara ya kimataifa ndizo zenye serikali kubwa zaidi, na maelezo yake ni kwamba wananchi hukubali hatari za soko la dunia pale tu wanapojua kuna kinga. Denmark imeifuata njia hiyo kwa sura yake: mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi kwa urahisi, aliyeachishwa hupata mafao mazuri kwa muda maalumu, na muda huo mwaka 2010 ulipunguzwa kutoka miaka minne hadi miwili bila nchi kuacha kuwa karimu.

Eneo la pili ambako ukarimu uliongeza uzalishaji ni kazi ya wanawake, na hapa ushahidi ni mzito kuliko mahali pengine popote. Hadi mwaka 1970 mume na mke wa Kiswidi walitozwa kodi kwa pamoja, hivyo kipato cha kwanza cha mke kiliangukia moja kwa moja katika kiwango cha juu cha kodi ya mume wake, na kwa familia nyingi haikuwa na faida mke kwenda kazini. Kuanzia mwaka 1971 kila mtu alitozwa peke yake. Mwaka 1974 likizo ya uzazi ya mama pekee ikageuzwa kuwa likizo ya wazazi inayoweza kuchukuliwa na mama au baba, ikilipwa kwa asilimia 90 ya mshahara, na katika miaka hiyohiyo manispaa zilianza kujenga kwa wingi vituo vya kulelea watoto vyenye ada ndogo. Malipo ya likizo yaliwekwa kulingana na mshahara wa kabla ya uzazi, kwa hiyo kijana wa kike alikuwa na sababu ya kupata kwanza kazi nzuri ndipo azae. Ushiriki wa wanawake katika ajira ukapanda hadi kuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani, na kila mwanamke aliyeingia kazini akawa mlipakodi mpya. Matumizi haya ni makubwa sana kwenye vitabu vya bajeti. Lakini kuyahesabu kama gharama tupu, bila kuhesabu kodi zilizozaliwa nayo, ni kusoma ukurasa mmoja wa daftari lenye kurasa mbili. Mkosoaji makini atajibu kwamba wengi wa wanawake hao waliajiriwa na manispaa zenyewe kuwalea watoto na wazee wa wenzao, na kwamba sehemu kubwa sana ya ongezeko la ajira kati ya mwaka 1970 na 1990 ilikuwa katika sekta ya umma. Jibu hilo ni sahihi, na linaelekeza moja kwa moja kwenye kasoro za kipindi hicho.

Katika miaka ya 1970 mfumo uliacha kujiuliza swali la nani atalipa. Mwandishi wa vitabu vya watoto Astrid Lindgren aligundua mwaka 1976 kwamba, kwa kuwa alijiajiri mwenyewe na hivyo alitozwa kodi ya mapato pamoja na michango ya mwajiri, kiwango chake cha kodi kwenye kipato cha ziada kilikuwa asilimia 102, maana yake kila krona aliyoongeza ilimtia hasara. Alichapisha kisa cha dhihaka gazetini, waziri wa fedha Gunnar Sträng akamdharau bungeni, na Septemba ya mwaka huo Chama cha Wasoshalisti wa Kidemokrasia kikaondolewa madarakani baada ya kuongoza serikali kwa zaidi ya miaka 40, ingawa mzozo wa nishati ya nyuklia nao ulichangia. Kisa hicho hutajwa kama kichekesho, lakini kodi ya aina hiyo, inayopimwa kwa sehemu inayokatwa kwenye kipato cha mwisho kuongezeka na siyo kwa wastani, ndiyo inayoamua kama daktari atakubali zamu ya ziada na kama fundi ataajiri msaidizi. Ingvar Kamprad, mwanzilishi wa IKEA, aliihama nchi katika miaka hiyohiyo. Mpango wa mifuko ya wafanyakazi, uliokusudia kununua hisa za kampuni kwa sehemu ya faida zao hadi umiliki uwe wa vyama vya wafanyakazi, uliwatia hofu wawekezaji zaidi. Ulianza kwa sura dhaifu mwaka 1984 na kufutwa baada ya uchaguzi wa 1991. Mishahara ilipanda kuliko tija, na serikali zilizofuatana zikaficha pengo kwa kushusha thamani ya krona mara kwa mara, mara ya mwisho kwa asilimia 16 mwaka 1982.

Kisha ukaja mporomoko. Kati ya mwaka 1991 na 1993 Pato la Taifa lilishuka miaka mitatu mfululizo, ukosefu wa ajira ukapanda kutoka chini ya asilimia 2 hadi zaidi ya asilimia 8, na nakisi ya bajeti, yaani pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali, ikazidi asilimia 11 ya Pato la Taifa. Tarehe 16 Septemba 1992 benki kuu ilipandisha riba ya mikopo ya usiku mmoja kwa mabenki hadi asilimia 500 ili kuilinda krona, na miezi miwili baadaye ikashindwa na kuiacha ielee. Wapinzani wa dola ya ustawi wameuandikia mwaka huo cheti cha kifo chake. Uchunguzi wa makini hauwaungi mkono kikamilifu, kwa kuwa chanzo cha mporomoko kilikuwa cha kifedha: vizuizi vya mikopo viliondolewa mwaka 1985, mabenki yakakopesha bila kiasi kwa wanunuzi wa majengo, sarafu iling'ang'aniwa kwa kiwango kisichobadilika, na bei za majengo zilipoanguka mabenki yakaanguka nazo. Finland, jirani iliyokuwa na matumizi madogo zaidi ya kijamii, ilipata kipigo kibaya zaidi katika miaka hiyohiyo. Lakini ni kweli pia kwamba mafao yaliyoahidiwa kwa dhana ya ajira kwa wote yaligeuka mzigo ajira ilipotoweka, na matumizi ya serikali yakakaribia asilimia 70 ya Pato la Taifa. Dola karimu haikuwasha moto ule, ila ilijikuta haina akiba ya maji.

Tume iliyoongozwa na Assar Lindbeck, mwanauchumi aliyekulia ndani ya Chama cha Wasoshalisti wa Kidemokrasia kabla ya kukihama, ilitoa mwaka 1993 mapendekezo 113, na mengi yalitekelezwa na serikali za mirengo yote. Kati ya mageuzi yote yaliyofuata, la pensheni ndilo linalofundisha zaidi. Mfumo wa zamani, ulioanza kutumika mwaka 1960, ulikokotoa pensheni kwa miaka 15 yenye kipato bora zaidi na ulihitaji miaka 30 tu ya kuchangia. Msomi aliyeanza kazi akiwa na umri wa miaka 28 na kupanda cheo haraka alifaidi kuliko mfanyakazi wa kiwandani aliyechangia tangu ujana wake kwa mshahara usiobadilika sana, hivyo mfumo uliojengwa kwa jina la usawa uliwahamishia walio juu fedha za walio chini. Zaidi ya hayo, mafao yaliongezwa kwa kufuata bei na siyo mishahara, maana yake yalikuwa nafuu uchumi ulipokua kwa kasi na yakawa ghali mno ulipodorora.

Mwaka 1994 vyama vitano, vya serikali na vya upinzani, vilikubaliana kuuvunja, na sheria ilipita mwaka 1998. Sasa asilimia 18.5 ya kipato kinachotozwa pensheni huandikwa kwa jina la mchangiaji: asilimia 16 katika akaunti ya kihesabu, ambayo haina fedha ndani yake lakini hukua kwa kufuata wastani wa mishahara nchini, na asilimia 2.5 katika mfuko wa uwekezaji anaouchagua mwenyewe. Mtu anapostaafu, kiasi kilichoandikwa hugawanywa kwa miaka ambayo watu wa rika lake wanatarajiwa kuishi. Kila mwaka wa kazi huhesabiwa, na anayeahirisha kustaafu hupata zaidi. Ndani ya sheria kuna breki: madeni ya mfumo yakizidi rasilimali zake, nyongeza za pensheni hupungua zenyewe bila bunge kupiga kura. Breki hiyo ilifanya kazi mwaka 2010, 2011 na 2014, wastaafu wakapunguziwa malipo, na hakuna aliyeiondoa. Wanasiasa hawakuwa watakatifu. Wamewapunguzia wastaafu kodi, na mwaka 2021 wakaongeza nyongeza nje ya mfumo. Hata hivyo Uswidi ilifanya kile ambacho Ugiriki haikufanya kabla ya mgogoro wake wa madeni wa mwaka 2010, ingawa matumizi ya kijamii ya Ugiriki, kwa uwiano wa Pato la Taifa, yalikuwa chini ya yale ya Uswidi. Aliyefilisika katika ulinganisho huo hakuwa aliyetoa kingi zaidi.

Bima ya ugonjwa inatoa ushahidi wa upande wa pili, nao hauwapendezi watetezi. Mwaka 1987 Uswidi iliondoa siku ya kungoja, yaani siku ya kwanza ya ugonjwa isiyolipwa, na watu walioripoti kuumwa wakaongezeka. Kiwango cha malipo kilipopunguzwa mwaka 1991 na siku ya kungoja kurejeshwa mwaka 1993, wakapungua. Afya za Waswidi hazikubadilika kwa kasi hiyo. Lindbeck aliona hatari iliyo ya polepole zaidi: kizazi cha kwanza hakitumii mafao vibaya kwa sababu kimelelewa na aibu ya kula kisichokitolea jasho, lakini aibu hiyo hupungua mtu anapoona jirani zake wakifanya hivyo bila kulaumiwa, na madhara hujitokeza miaka mingi baada ya sheria kupitishwa. Hoja hii ni ngumu kuithibitisha kwa takwimu, lakini yeyote aliyewahi kusimamia hata chama kidogo cha kuweka na kukopa ataitambua.

Jambo ambalo wasomaji wa mbali hulikosea zaidi ni suala la nani anailipia dola hii. Picha iliyozoeleka ni ya matajiri wanaokamuliwa. Ukweli ni kwamba Uswidi ilifuta kodi ya urithi mwishoni mwa mwaka 2004 na kodi ya utajiri mwaka 2007, na mageuzi ya kodi ya 1990 na 1991 yalishusha kodi ya juu ya mapato na kuitoza faida ya mtaji asilimia 30 bila kupanda kwa viwango. Sehemu kubwa ya mzigo imebebwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, inayolipwa na kila mnunuzi, na michango ya waajiri inayozidi asilimia 31 ya mshahara, ambayo kwa hakika ni sehemu ya ujira wa mfanyakazi. Walio na kipato cha kati hulipa kingi na hupokea kingi, nao huuunga mkono mfumo kwa sababu watoto wao wako katika vituo vilevile. Peter Lindert, aliyechunguza karne mbili za matumizi ya kijamii katika kitabu chake cha 2004, aliona katika mchanganyiko huu sababu mojawapo ya nchi hizi kutodhurika kama nadharia ilivyotabiri: zinapokusanya kingi hulazimika kukusanya kwa njia zisizoua uwekezaji. Kutoka hapo unatokea ukinzani ambao watetezi wa usawa wanapaswa kuukabili, kwamba nchi iliyo karimu kwa kipato imekuwa laini kwa mali, na pengo la utajiri nchini humo ni kubwa.

Si wote wanaokubaliana na Lindert. Andreas Bergh na Magnus Henrekson, wote Waswidi, walipitia tafiti nyingi mwaka 2011 na kuona kwamba katika nchi tajiri serikali kubwa huenda pamoja na ukuaji mdogo zaidi, ila wakaongeza kwamba nchi za Skandinavia hufidia kwa biashara huria, mahakama zinazoaminika na urasimu mdogo. Tahadhari hiyo ni ya haki. Mfumo unaotegemea kila mtu kufanya kazi hudhoofika pia pale kundi kubwa linaposhindwa kuingia kazini: Uswidi ilipokea waombaji hifadhi takribani 163,000 mwaka 2015 pekee, na pengo la ajira kati ya wazaliwa wa nchi na waliozaliwa nje ni kubwa, kwa sababu mishahara ya kuanzia iko juu na kazi zisizohitaji elimu ni chache. Wanaosema kwamba tatizo ni rangi au dini ya wageni hawajasoma kanuni za Rehn na Meidner. Mpango uliozifuta kazi za ujira mdogo kwa makusudi hauwezi kushangaa kwamba asiye na cheti hana pa kuanzia.

Kwa Afrika Mashariki ulinganisho una mipaka yake, kwa sababu Tanzania hukusanya kodi za takribani asilimia 12 ya Pato la Taifa na wafanyakazi wengi hawamo katika hati yoyote ya mishahara inayoweza kukatwa mchango. Lakini hoja kwamba nchi isubiri itajirike ndipo ianze haina msingi katika historia iliyoelezwa hapa, na Zanzibar haikuifuata: Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, kwa fedha za bajeti ya serikali yenyewe. Kiasi hicho cha mwanzo kilikuwa kidogo kama cha 1913, na kanuni ni ileile. Kinachoweza kuchukuliwa kutoka Uswidi si viwango vya mafao, kwa kuwa hivyo vinatokana na tija ya nchi nyingine, bali breki. Wanaoandaa miswada ya pensheni na bima ya afya katika ukanda huu wanapaswa kuandika ndani ya sheria yenyewe, kabla ya kutangaza kiasi chochote majukwaani, mafao yatapunguzwa vipi mapato yakishuka na nani atawajibika kuchapisha hesabu hizo kila mwaka.